Ndimu zenye majani

Mwanangu mpendwa,

Assalamu alaikum. Juzi kwenye simu uliniuliza kwa nini mimi na mama yako bado tunahangaika kuchoma manda za kukunjia sambusa wenyewe, ilhali huko Dar es Salaam zinauzwa dukani zimeshakatwa, kazi ya mtu ni kukunja tu. Nikakujibu "tumezoea". Baada ya simu jibu lile likanikera, maana halikuwa kweli. Nimekaa barazani nikuandikie la kweli.

Mwaka 1989 Ramadhani iliingia Aprili, masika yamekolea. Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu, naishi kwa bibi yako hapa hapa Ngamiani. Nyumba ya tatu kutoka kwetu walikuwa wamehamia wageni. Siku ya pili ya mfungo, kabla ya adhana ya Magharibi, akaja mtoto wa kiume na sahani iliyofunikwa kawa. Ndani mna sambusa sita.

Zile sambusa nilizijua kabla sijazila. Ncha zote tatu zimefungwa, hakuna tundu la kupitisha hata uzi. Wewe umekaanga, unajua: ncha ikiachwa wazi mafuta yanaingia, nyama inatoka, karai zima linachafuka. Nilipong'ata, nyama ilikuwa kavu na vitunguu bado vina ukali wake. Aliyepika alijua kuvichanganya baada ya kuipua, visije vikatoa maji na kuilowesha manda. Nikamuuliza yule mtoto nani amezikunja. Akasema, "Dada."

Sahani ya jirani hairudi tupu. Bibi yako akaniambia nitafute cha kurudishia, nikaenda uani kwenye mndimu wetu. Nikachuma ndimu nane, nikaziosha, nikaziacha na vikonyo na majani yake. Barua nisingethubutu kumpelekea binti wa watu. Ndimu ningeweza.

Kesho yake sahani ikaja tena, na safari hii nyama ina ndimu ya kutosha, ile harufu ya uani kwetu. Alikuwa amezikamulia humo humo. Ikawa hivyo: sambusa zinakuja, ndimu zinakwenda, na sisi wawili hatujasemezana hata neno moja.

Kumi la mwisho mti ukaishiwa. Nikanunua ndimu sokoni, nzuri tu, nikazipeleka. Siku ya pili, pembeni mwa sambusa nikakuta ndimu moja imerudishwa. Usiku ule sikulala. Baada ya ndoa ndipo mama yako aliponieleza: hazikuwa na majani, akadhani nimechoka, nimemwachia mtu mwingine kazi ya kunijibia.

Posa ilichukua muda, wazee wake waliona mshahara wa mwalimu ni mdogo. Tulioana 1991.

Ramadhani yetu ya kwanza ndipo nilipojua kwamba manda haitaki mtu mmoja. Wewe ulikuwa ukiziona zimeshakatwa, kwa hiyo nikusimulie. Madonge madogo ya unga yanasukumwa kiasi, yanapakwa mafuta na kunyunyiziwa unga, yanapangwa moja juu ya jingine, kisha yanasukumwa yote pamoja mpaka yawe chapati moja pana. Inapita kwenye chuma huku na huku, isiive sana. Ikitoka lazima ibanduliwe palepale ingali moto, tabaka kwa tabaka. Ikipoa inagandana na kuchanika. Mmoja akiwa kwenye chuma, mwingine anabandua. Vidole viliniungua mwezi mzima, nami nilikuwa na furaha ambayo sijui niifananishe na nini.

Mwaka uliofuata kuzaliwa kwako nilimkosea mama yako. Nilimkopesha mtu pesa za kiwanja bila kumshauri, na pesa hazikurudi. Siku tisa za mfungo hakunisemesha ila salamu. Siku ya kumi alikuwa jikoni na unga, akatoa manda ya kwanza, akaniita kwa jina langu, akasema, "Shika, inapoa." Nikashika. Tukabandua mpaka unga ukaisha, na katikati ya kazi nikamwomba radhi. Alinisamehe bila kuinua macho, kwa sababu nyingine ilikuwa tayari kwenye chuma.

Darasani nilikuwa nikiwasimulia wanafunzi kwamba Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, baadaye akiwa India alieleza juu ya samusak: nyama iliyopikwa na lozi, vitunguu na viungo, ikafungwa katika mkate mwembamba na kukaangwa kwa samli. Kila nilipofika hapo niliona ajabu kwamba chakula kilichozunguka dunia namna hiyo kilipita mlangoni kwangu mikononi mwa mtoto, kimefunikwa kawa.

Mkeo ni binti mwema, na sikuambii muache kununua manda. Kazi zenu za mjini nazijua. Ila Ijumaa moja ya mfungo mchome zenu wenyewe, hata kama zitachanika. Wewe ndiye ubandue.

Nimempa kondakta wa basi la asubuhi kikapu chako, kafuate kituoni kabla hakijakaa juani. Ndimu ni za mti ule ule. Nimezichuma mwenyewe jana jioni, mama yako akanishikia ngazi, na majani yake sikuyatoa.

Baba yako