Shangazi, hao watu lazima tuwajue

Shangazi, shikamoo.

Kwenye kikao cha ukoo ulisema kwamba kuwachunguza wanaowadhalilisha watoto kingono mtandaoni ni kuchezea hela, dawa yao ni jela. Wengi wakaitikia. Pale nilinyamaza kwa heshima ya wakubwa, lakini nakujibu hadharani kwa sababu wenye msimamo kama wako ni wengi, na najua unatokana na uchungu wa kweli.

Jela nami naitaka. Ila kabla ya jela kuna kumpata mtu, na humpati usiyemjua. Sisi tumezoea kumwazia mgeni wa nchi za mbali aliyejifungia na kompyuta yake. Mwaka 2022 ilitoka ripoti ya Tanzania ya utafiti uitwao Disrupting Harm, uliofanywa na ECPAT (mtandao wa mashirika yanayopinga unyonyaji wa watoto kingono), INTERPOL na UNICEF. Asilimia 4 ya watoto wa miaka 12 hadi 17 wanaotumia intaneti walikuwa wamefanyiwa ukatili huu ndani ya mwaka mmoja tu. Na aliyewatendea, mara nyingi, ni mtu wanayefahamiana naye. Shangazi, huyo anakula kwetu. Tusingeuliza, tungeendelea kuwakataza watoto kuongea na wageni huku mlango wa nyuma uko wazi.

Utafiti unamsaidia hata askari. Mwaka 2011 mtafiti Michael Seto wa Kanada na wenzake walizikusanya pamoja tafiti nyingi kuhusu wanaume waliokamatwa kwa makosa ya kingono ya mtandaoni. Kwa kumbukumbu za vyombo vya sheria, kama 12 katika kila 100 walikuwa na kosa la kingono la ana kwa ana huko nyuma. Kwenye tafiti chache ambamo wahusika walieleza wenyewe, idadi ilipanda hadi 55. Hao wa pili walikuwa wachache, kwa hiyo sidai kwamba kila anayetazama picha za watoto wanaodhalilishwa kingono amemgusa mtoto. Ninachosema ni kwamba faili safi la polisi halitoshi kutupa usingizi.

Sasa fikiria mpelelezi mwenye majina mia mezani na askari wachache. Abishe hodi wapi kwanza? Huko Uingereza, polisi wa Kent na Chuo Kikuu cha Liverpool walitengeneza nyenzo iitwayo KIRAT inayojibu swali hilo hilo: nani ana uwezekano mkubwa wa kuwa anamdhuru mtoto sasa hivi? Nyumba yake ndiyo inayotangulia. Nyenzo hiyo isingekuwapo kama wahalifu waliokwisha kukamatwa wasingechunguzwa.

Najua kinachokukera zaidi ni habari ya kuwatibu. Watafiti wa taasisi ya Karolinska, Sweden, waliingia hadi kwenye mtandao wa giza, ile sehemu ya intaneti iliyofichwa, wakawapata watu 160 wanaotazama picha za watoto wanaofanyiwa ukatili, wakawajaribia tiba ya mazungumzo kwa njia ya intaneti. Matokeo yalitoka 2022: waliopata tiba hiyo walipunguza muda wa kutazama kuliko wale wa kulinganishwa nao. Sikuombi uwaonee huruma. Lakini kila picha ile ina mtoto ndani yake, na kila mtazamaji anayeacha ni soko linalopungua.

Kinachoniuma zaidi kipo kwetu. Kesi ikitokea tunakaa, mtuhumiwa anaomba radhi, fidia inatolewa, yamekwisha. Polisi hawajui, mtafiti hajui, na yeye anahamia kwa mtoto mwingine akiwa na jina safi. Halafu tunasema mambo haya huku kwetu hayapo! Wewe ni mkubwa wetu, neno lako linasikilizwa kuliko la mjumbe.

Kwa hiyo shauri la namna hii likiletwa mbele yako, usikubali limalizwe sebuleni. Picha au ujumbe usifutwe, maana ndiyo ushahidi, wala usirushwe kwenye kundi la WhatsApp la ukoo hata kwa nia ya kuonyana. Kumsambaza mtoto ni kumdhalilisha upya, na ni kosa kisheria. Simu ipelekwe kama ilivyo kwenye Dawati la Jinsia na Watoto kituoni. Namba 116 nayo inapokea taarifa za watoto bila malipo. Mkihitaji mtu wa kuongozana nanyi, niiteni mimi.

Mtoto wa kaka yako.