Wazazi wenzangu, msiweke mikorosho rehani kwa kozi msiyoijua

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wazazi wenzangu wa Newala, Tandahimba na Masasi, hasa wenye vijana wanaosubiri matokeo ya kidato cha sita.

Mimi ni karani wa mizani katika chama cha msingi cha ushirika. Msimu ukifunguliwa Oktoba, kila gunia linaloingia ghalani kwetu napima mimi, naandika mimi. Katika huu mfumo wa stakabadhi ghalani, tulionao tangu 2007, ambapo korosho hukusanywa ghalani na kuuzwa mnadani, malipo hufuata jina lililoandikwa kitabuni, kwa hiyo aliyeweka mavuno yake rehani, akabaki na shamba la kuangalia kwa macho tu, simkosi. Msimu uliopita mama mmoja alileta korosho safi, kavu, ukizitikisa mkononi zinalia. Nikamuuliza niandike jina gani, akanitajia la mwanamume wa kijiji cha pili. Mikorosho kairithi kwa mama yake, palizi kapiga yeye, salfa, dawa ya mikorosho, kapulizia na wanawe. Mavuno ya misimu mitatu yameshakwenda kwa mwenye hela, ili binti aende chuo Dar es Salaam.

Nikamuuliza binti anasomea nini. Akafungua kanga aliyofungia vitu vyake, akatoa karatasi iliyokunjwa mpaka mikunjo imeanza kuchanika. "Nisomee wewe, dada." Ilikuwa barua ya udahili, yote Kiingereza: shahada ya rasilimali watu. Huyo binti kidato cha sita alisoma CBG, yaani Kemia, Biolojia na Jiografia! Nani alimchagulia? Kijana wa steshenari pale stendi, aliyemjazia fomu kwenye kompyuta na kumwambia hiyo haina ushindani.

Hapo ndipo panaponiuma. Simlaumu kijana wa steshenari. Yeye analipwa kujaza fomu. Lakini uamuzi wa kuuza misimu mitatu ya shamba umefanyika kwa dakika chache kaunta, foleni ikisukuma nyuma, na mama mwenye shamba hayupo. Hakuna aliyemwambia binti kwamba CBG ingemfungulia kilimo, naye ametoka mkoa wenye kituo cha utafiti wa korosho pale Naliendele. Hakuna aliyemweleza kwamba angeweza kuanza na stashahada, na kwamba tangu mwaka wa masomo 2023/24 serikali inatoa mikopo hata kwa baadhi ya kozi za stashahada.

Halafu kuna kalenda. Matokeo hutoka Julai na maombi ya vyuo huanza muda huohuo. Huku kwetu Julai mkulima anatoa hela, haingizi: vibarua, mafuta ya mashine ya kupulizia. Minada ya korosho huanza Oktoba, na fedha kufika kwenye akaunti ni baadaye tena. Mwenye kukopesha anaujua huo mwanya vizuri kuliko sisi, na anakuja na daftari lake wakati mzazi ana furaha ya matokeo na hana hata shilingi.

Wengine wataniambia Bodi ya Mikopo ipo. Ipo, na imesomesha watoto wengi wa maskini. Lakini si kila anayeomba anapata, na anayepata huenda akapewa sehemu tu ya gharama. Tena ni deni: akiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara inakatwa kila mwezi. Mzazi ayajue hayo kabla, asije akadhani ni msaada.

Sisemi watoto wasiende chuo. Mkoa wetu unahitaji madaktari, wauguzi, walimu wa hesabu, na anayetaka kazi hizo hana njia nyingine. Ninachokataa ni ile imani kwamba chuo chochote, kozi yoyote, ni bora kuliko kukaa nyumbani mwaka mmoja. Tuliona wakati wa gesi. Vijana waliambiwa wasomee mafuta na gesi, kazi zinakuja. Bomba la gesi la Madimba likazinduliwa 2015, na bomba likishafukiwa halihitaji watu wengi. Mradi mkubwa wa gesi wa Likong'o kule Lindi tunausikia mpaka leo.

Dirisha la udahili hufunguliwa kila mwaka. Kijana akisubiri msimu mmoja, akasaidia kupulizia, akauza korosho kwa jina la mama yake, ataomba mwakani akiwa na nauli na akijua anachokitaka. Na anayependa ufundi wa umeme au magari aende VETA, chuo cha ufundi stadi, bila kuonekana amefeli. Hizo mashine za salfa zinaharibika kila Julai, na mafundi wake huku vijijini ni wa kutafuta kwa bodaboda.

Ombi langu ni kwa walimu wa taaluma na viongozi wa ushirika. Mzazi wa huku haitikii sana vikao vya shule, lakini mkutano mkuu wa chama cha msingi haukosi, kwa sababu pale panazungumzwa hela yake. Mwalimu apewe nusu saa pale, mbele ya mzazi na kijana wake, aeleze kwa Kiswahili tahasusi gani, yaani mchanganyiko gani wa masomo ya kidato cha sita, inafungua kozi zipi, gharama ni kiasi gani, na mkopo unalipwaje. Chamani kwetu nimeshaomba iingizwe kwenye ajenda. Makatibu wa vyama vingine, iingizeni nanyi, na mkutano ufanyike kabla matokeo hayajatoka.

Karani wa mizani,
Newala, Mtwara