Jina la mwanafunzi lisiachwe nyuma

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie utafiti unaofanywa vyuoni na wanafunzi pamoja na walimu wao.

Mwaka 1967, Jocelyn Bell, mwanafunzi wa uzamivu wa Cambridge, alikuwa akikagua kwa macho chati za darubini ya redio aliyoshiriki kuijenga. Kila siku zilitoka karibu mita 30 za karatasi. Katikati ya mistari hiyo ya wino akaona alama ndogo asiyoielewa, akakataa kuipuuza. Zilikuwa ishara zinazojirudia kila baada ya sekunde 1.3 hivi: pulsa ya kwanza kugunduliwa, yaani nyota inayozunguka kwa kasi na kutuma mawimbi ya redio. Nobel ya mwaka 1974 wakapewa msimamizi wake, Antony Hewish, na Martin Ryle. Yeye hakupewa. Hilo linaniuma hadi leo.

Ndiyo maana naomba vyuo viandike, kabla kazi haijaanza, nani atatajwa kwenye makala na kwa mchango gani. Mwanafunzi hawezi kumdai profesa anayesahihisha tasnifu yake.

Na idara zifunguliane milango. Francis Crick alisomea fizikia, James Watson zuolojia, wakatumia ofisi moja, na mwaka 1953 wakaeleza umbo la DNA, wakisaidiwa na picha ya eksirei iliyopigwa na Raymond Gosling, mwanafunzi (tena mwanafunzi!) aliyesimamiwa na Rosalind Franklin. Wa takwimu akitaka kufanya kazi na wa tiba, asizungushwe miezi kutafuta sahihi za wakuu wa idara.

Msomaji wako