Taa za Newala zielekezwe chini

Mhariri,

Naomba nafasi niseme neno kuhusu giza la usiku la Newala, linalotuonyesha nyota, kabla halijatupotea.

Mimi ni fundi seremala. Binti yangu wa kidato cha pili alinisomea kwenye simu habari za James Lick, seremala mwenzangu wa Marekani, aliyefundishwa ufundi na baba yake, akaunda piano huko Amerika ya Kusini, kisha akatajirikia viwanja vya San Francisco. Alifariki 1876, akaacha fedha za kujenga kituo cha kutazamia nyota juu ya Mlima Hamilton. Kilikamilika 1888, na kaburi lake limo humo humo, chini ya darubini. Kioo cha darubini hiyo kina upana wa sentimita 91. Lakini kilichoninyima usingizi ni sakafu: duara la mbao la mita 18 hivi, na yote hupanda na kushuka kama lifti ili mtazamaji alifikie jicho la darubini. Nimepandisha kenchi nyingi, najua mbao zinavyopinda. Ile ni kazi ya heshima. Kwa miaka mingi wageni wamepanda mlima kuiona.

Chini ya mlima huo upo mji wa San Jose. Taa zake zilipoanza kufifisha nyota, mji ulikubali kufunga taa za barabarani za sodiamu, za manjano, ambazo wataalamu wanaweza kuuchuja mwanga wake.

Sisi giza tumepewa bure. Msimu wa korosho nalala nje kulinda zilizoanikwa, na jioni Kilimia, kile kishada cha nyota, kinachomoza mashariki, kile kile ambacho marehemu bibi alikitumia kujua majira ya kulima. Mwezi Mei, ukikaa ukingoni pa Shimo la Mungu, ule mteremko mkali wa hapa Newala, kundi la nyota la Msalaba wa Kusini linasimama juu ya bonde la Ruvuma. Kule kwa Lick halionekani kabisa!

Sasa mtaani kwetu imefungwa taa kubwa iliyotazama juu. Tangu hapo, nikiwa uani, upande ule naona weupe mtupu.

Naiomba halmashauri: kila taa mpya ya barabarani ivikwe kofia, imulike chini wanakopita watu. Na pale ukingoni tuwekewe darubini, hata ndogo, watoto waione pete ya sayari ya Zohali kwa macho yao. Stendi yake nitaichonga mimi kwa mninga, bila malipo.

Fundi Seremala,
Newala, Mtwara