Kuiunga mkono Bustani ya Dr. Sun Yat-Sen

Ndugu wanakikundi,

Nawashukuru kwa kukubali tuwahamasishe wenzetu wanaozungumza Kiswahili hapa Vancouver waiunge mkono bustani ya Kichina iliyoko Chinatown, yenye jina la Dr. Sun Yat-Sen, kiongozi wa mapinduzi ya China. Mnapozungumza na watu, naomba msianze na habari za mchango. Anzeni na kazi ya mikono, kwa sababu mafundi 52 kutoka mji wa Suzhou, China, waliijenga mwaka 1985 na 1986 kwa mbinu za kale, wakipachika mbao ndani ya mbao bila kutumia misumari.

Waonyesheni kokoto za uani, zilizopangwa mojamoja hadi zikawa maumbo, na mawe ya Ziwa Tai la China yaliyotobolewa na maji. Wapo watakaosema bwawa ni chafu. Waelezeni kwa upole kwamba ukungu ule wa kijani umekusudiwa, ili paa na miti vionekane majini kama kwenye kioo. Mimi hapo ndipo hukaa muda mrefu zaidi.

Jumamosi tukutane langoni saa nne asubuhi, kila mmoja na jirani ambaye hajawahi kuingia. Hifadhi ya pembeni ni bure, lakini bustani yenyewe ina kiingilio, hivyo tafadhali waarifuni wageni wenu mapema.