Upasuaji wa unene usiishie mezani

Mhariri,

Watu wakimwona mke wangu siku hizi husema kisu kimemaliza kazi. Wapi! Kweli, tangu apunguzwe tumbo la chakula, hayumbi tena kama jahazi. Hatua zimerefuka, na daraja la waenda kwa miguu la Manzese analipanda bila kushika chuma. Kila kilo inayopungua huliondolea goti mzigo wa kama kilo nne kwa kila hatua.

Lakini misuli nayo imepungua. Kuinuka kwenye kigoda mpaka ajishikize. Nyayo zikaanza kufa ganzi, kumbe vitamini B12, ile inayolinda mishipa ya fahamu, imeshuka. Hospitali ilimpa karatasi ya chakula tu (ya rangi, nzuri kweli). Mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, tumemtafuta wenyewe. Kwa nini asiwepo kliniki tangu mwanzo?

Mume wa fundi cherehani,
Manzese, Dar es Salaam