Huyo kijana hakumzika mdogo wake

Ndugu mhariri,

Naomba nafasi kidogo nimjibu yule msomaji aliyeandika kwenye ukurasa wenu wa barua kwamba kasoma riwaya ya The Catcher in the Rye ya J.D. Salinger akaishia kukasirika, eti kijana wa kishua, baba mwanasheria, hela anayo, kazi yake kulalamika tu kwamba kila mtu feki. Mimi nimekisoma mara tatu na mara ya kwanza nilisema hivyohivyo, kwa hiyo simlaumu. Ila kuna kitu kakiruka, na wengi wanakiruka maana Holden, huyo kijana anayesimulia, mwenyewe anakigusa harakaharaka halafu anarudi kwenye stori zake za kuponda watu.

Yule mtoto ana msiba. Mdogo wake Allie alikufa kwa kansa ya damu Julai 1946, ana miaka 11, Holden ana 13. Usiku huo Holden akalala gereji, akavunja vioo vya madirisha yote kwa ngumi, akataka kuvunja mpaka vya gari ila mkono ulishaharibika. Wazazi wakafikiria kumpeleka kwa daktari wa akili. Sawa. Sasa nenda mbele kabisa, sura ya 20, kalewa, kakaa kwenye bustani ya Central Park, New York, kwenye baridi mpaka nywele zimeshika barafu, ndo anatamka kama jambo dogo tu kwamba kwenye mazishi yeye hakuwepo, alikuwa bado kalazwa hospitali kwa ajili ya ule mkono. Yaani hakuzika! Mdogo wake anafukiwa yeye yuko wodini, halafu baada ya hapo ni bodingi hii mara bodingi ile, na huko Pencey, bodingi ya mwisho, katika masomo matano kapasi Kiingereza tu wanamfukuza, na mwalimu mzee mgonjwa wa mafua anamkalisha chini anamsomea karatasi yake ya mtihani kwa sauti, sijui ilikuwa imsaidie nini.

Mtu kama huyo ukisema ni balehe tu itapita, tunamwonea. Angalia anavyoingia New York baada ya kufukuzwa. Anashuka stesheni anaenda moja kwa moja kwenye kibanda cha simu, anakaa humo kama dakika 20, nimpigie huyu, hapana, basi yule, hapana, anatoka hajapiga hata moja. Anapanda teksi anamtajia dereva anwani ya kwao kwa mazoea wakati nyumbani hataki aonekane mpaka Jumatano, inabidi amwambie ageuze. Na ni humohumo kwenye teksi anauliza wale bata wa bwawa la Central Park huwa wanaenda wapi maji yakiganda. Dereva anaona anataniwa. Jamani, huyo haulizi habari za bata.

Mimi nilikuwa kidato cha pili, bodingi, dada yangu alipofariki. Nilikuja kuambiwa baada ya mitihani, watu wameshazika na matanga wameanua. Walifanya kwa nia nzuri nisivurugike. Nikakaa karibu mwaka mzima kila anayecheka ananikera, na ungeniuliza kwa nini nisingekuwa na jibu.

Simtetei kwa kila kitu. Ni muongo na anakiri mwenyewe, yule Sally, msichana aliyetoka naye, anamtolea maneno mpaka binti wa watu analia, pale huwa natamani nimzabe kofi. Na zile kurasa za kwenye mabaa zinachosha. Lakini soma anavyotembea Fifth Avenue anaongea na Allie, kila akifika mwisho wa mtaa anaona kama hatafika ng'ambo, anamwomba marehemu asimwache apotee, akivuka salama anamwambia asante. Hiyo nayo tuiite kudeka?

Makaburini alikuja kwenda baadaye na wazazi mara kadhaa kuweka maua, akaacha. Anasema mara mbili mvua iliwakuta hukohuko, watu wote wakatimua mbio kwenye magari yao wakawasha redio, wakaondoka zao kwenda kula mahali pazuri, kasoro Allie tu. Yule msomaji mwenzangu huo ukurasa aliusoma? Namuuliza tu.

Msomaji wenu,
Morogoro